Run si kimbia tu: dhana potofu kuhusu maneno na sarufi ya Kiingereza

Kila ninapopokea darasa jipya la watu wazima wanaojifunza Kiingereza, wiki haiishi kabla sijaulizwa: "Mwalimu, maana halisi ya neno hili ni ipi?" Nikitaja maana tatu, muulizaji hunitazama kama muuzaji anayeficha bei ya mwisho.

Dhana kwamba kila neno lina maana moja ya kweli, na kwamba nyingine ni hila za wenye lugha, ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu humfanya mwanafunzi mwenye bidii aandike daftarini kwamba run ni kimbia, kisha akutane na sentensi she runs a school na kubaki akijiuliza shule inakimbizwa wapi. Kamusi kubwa ya Oxford imeorodhesha maana zaidi ya 600 za kitenzi hicho kimoja. Mashine inayofanya kazi, pua inayotoka makamasi, mgombea anayewania kiti na nguo inayochuja rangi, vyote huelezwa kwa run. Analalamika nani? Mtu aliyepiga mswaki asubuhi, akapiga pasi shati, akapiga simu, wala hakumchapa yeyote. Kama vile piga inavyotegemea nomino inayoifuata, ndivyo run inavyopata maana kutokana na maneno yanayoizunguka.

Hata hivyo, si kila umbo lenye maana nyingi ni kitawe, yaani neno moja lenye maana nyingi zinazohusiana. Bat ya popo na bat ya gongo la kuchezea ni maneno mawili yenye asili tofauti. La popo hapo zamani lilikuwa bakke, likabadilika sauti hadi likafanana na la gongo. Anayetafuta uhusiano wa kimaana kati ya mnyama na gongo anapoteza muda wake. Sanction, kinyume chake, ni neno moja linaloweza kumaanisha kuidhinisha na pia kuadhibu, na hilo halishangazi ukikumbuka kwamba chanzo chake cha Kilatini kilihusu kuweka sheria, kwa kuwa sheria huruhusu jambo na pia huweka adhabu kwa anayeikiuka.

Ndiyo maana nimepiga marufuku daftari la safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Andika sentensi nzima, pamoja na kihusishi chake, maana look after ni kutunza, look into ni kuchunguza, na look down on ni kudharau. Aliyekariri look peke yake hajajifunza hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Wengine hudai kwamba maumbo yasiyofuata kanuni yalizuka ovyo. Si kweli. Went, wakati uliopita wa go, ilikuwa wakati uliopita wa kitenzi kingine, wend, kabla go haijaichukua, na feet, wingi wa foot, ni masalio ya kiambishi cha wingi kilichokuwa na irabu i, ambayo ilivuta irabu ya mzizi kabla yenyewe kutoweka.

Kuhusu marufuku ya kumaliza sentensi kwa kihusishi, sina subira nayo. Mshairi John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa kosa hilo mwaka 1672, wakati Jonson alikuwa amekwisha kufa miaka 35, na walimu wa baadaye wakaligeuza pendeleo la mshairi kuwa amri. Who are you talking to ni Kiingereza safi.

Mwisho wapo wanaoshikilia kwamba they haiwezi kumrejelea mtu mmoja, eti ni mtindo wa juzi, ilhali matumizi hayo yapo katika maandishi tangu karne ya 14. You nayo ilikuwa ya wingi, na hadi leo tunamwambia mtu mmoja you are kwa kitenzi cha wingi. Anayeikataa they ya umoja kwa hoja ya hesabu, na aanze kwanza kwa kurudisha thou, neno la kale la kumwita mtu mmoja "wewe".