Deki ya DVD kwenye TV ya HD: anza na waya

Ukiondoa TV ya chogo ukaweka bapa, DVD ileile iliyokuwa safi huonekana imefifia, kana kwamba kioo kimepakwa mafuta. Diski haijaharibika. DVD ya PAL (mfumo wa picha unaotumika kwetu) ina pikseli, yaani nukta za picha, 720 kwa 576, TV ya Full HD ina 1920 kwa 1080. Yaani kati ya kila pikseli tano unazotazama, nne zimebuniwa na mashine.

Waya wa njano unaouzwa na deki nyingi pale Kariakoo hupitisha mwanga na rangi kwa pamoja. TV ikishindwa kuvitenganisha, kingo za maandishi huanza kutambaa vidoadoa. Kama deki ina HDMI, tundu bapa la waya mmoja unaobeba picha na sauti, usihangaike na kingine. Kama haina, tafuta matundu ya kijani, bluu na nyekundu. Hiyo ni komponenti. Angalia nyekundu zipo mbili, moja ya picha na moja ya sauti. Picha ikija nyeusi na nyeupe, huenda TV bado inasoma AV: badilisha Source iwe Component.

Ndipo uwashe Progressive kwenye deki, yaani kila picha itumwe nzima badala ya nusunusu. Ukiiwasha ukiwa bado kwenye waya wa njano, picha itapotea kabisa, na wengi hapo hudhani deki imekufa. Toa diski, bonyeza V-Mode (kitufe cha kubadili njia ya picha) kwenye rimoti mara kadhaa mpaka irudi.

Kwenye menyu ya deki, TV Type iwe 16:9, umbo la TV pana. Ukiiacha 4:3, umbo la TV ya chogo, filamu pana hubanwa kwenye mistari 432 kati ya 576, halafu unaikuza kwa Zoom: mistari 144 umeitupa bure. TV System iwe Auto au Multi, maana diski za NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, zikilazimishwa kuwa PAL hukwamakwama kamera inapogeuka.

Upande wa TV, acha Vivid, hiyo ni ya dukani. Weka Movie, kisha shusha Sharpness mpaka mistari myeupe kandokando ya maandishi ipotee.

Zile diski za filamu kumi kwa moja ni habari nyingine. DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7, ukigawa kwa kumi, kila filamu inabaki na MB 470 hivi. Vile vijiboksi unavyoviona kwenye picha vinatokana na kubanwa huko, vimo ndani ya diski yenyewe, na HDMI itavionyesha vizuri zaidi.