Imeji ya diski: si picha, wala si kunakili mafaili

"Fundi, hiyo picha umeiweka wapi? Nifungulie niione."

Mama mwenye stationari karibu na stendi ya Moshi aliniuliza hivyo nilipomwambia nimemaliza kutoa imeji ya diski ya kompyuta yake. Nikamfungulia eksteno, yaani diski ya nje inayochomekwa kwa waya, nikamwonyesha folda yenye mafaili ya majina yasiyosomeka. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kosa lilikuwa langu. Nilitumia neno la mafundi bila kulieleza.

Imeji ni nakala ya diski nzima kama ilivyo saa ile inaponakiliwa: Windows yenyewe, programu zote, draiva ya printa (kile kiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuelewana na printa), paswedi ulizohifadhi, mafaili yako, mpaka zile sehemu za mwanzo wa diski ambazo kompyuta huzisoma kabla haijawaka sawasawa, na ambazo wewe huwezi kuziona hata ukitafuta kutwa. Vyote hivyo hufungwa pamoja katika faili moja kubwa, au, kwa programu kama Clonezilla, katika folda moja yenye vipande vyake.

Wengi tunapohifadhi tunachomeka flashi, tunaburuta folda ya kazi na ya picha za kipaimara, basi. Hiyo ni sawa na kuhama nyumba Pasua kwenda Soweto, mitaa ya hapahapa Moshi, kwa kirikuu: vyombo vinafika, nyumba inabaki. Diski ikifa, mafaili unayo, lakini lazima fundi apige Windows upya, atafute draiva, aweke programu moja baada ya nyingine, na ile printa yako ya zamani iliyokubali kwa mbinde safari hii inagoma kabisa. Imeji inabeba nyumba na msingi wake.

Kuna pia kuklonisha, ambako watu hukuchanganya na hii. Ukiklonisha, diski ya pili inakuwa pacha wa ya kwanza. Unaichomeka mahali pake na kompyuta inawaka. Ni njia nzuri unapobadilisha diski siku hiyohiyo. Lakini pacha mmoja anakula diski nzima. Imeji, kwa kuwa ni mafaili tu, unaweza kuweka ya Januari, ya Machi na ya Juni ndani ya eksteno moja, ukachagua ya kurudia.

Inavyofanya kazi si uchawi. Diski imegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, vya baiti 512 au 4,096. Programu ya imeji haijali faili linaitwa nani, inasoma sekta. Programu nyingi huangalia kwanza ramani ya diski, zikaruka sekta tupu, kisha zikabana zilizobaki. Ndiyo maana diski ya GB 500 iliyojaa GB 120 tu haikudai nafasi ya GB 500. Ila usitegemee sana huko kubana kama diski imejaa picha za simu, miziki na video. Hizo zimeshabanwa tangu zinatengenezwa.

Muda? Kwa tundu la zamani la USB 2, GB 120 ni saa moja na ushee. Kwa USB 3, lile tundu ambalo mara nyingi ni la bluu, unaweza kumaliza kabla chai haijapoa sana.

Mafundi wa umri wangu tuliijua kazi hii kwa jina la Ghost, programu iliyozaliwa New Zealand, kampuni ya Symantec wakainunua mwaka 1998 na kuacha kuuza toleo la watu wa kawaida, Norton Ghost, mwaka 2013. Siku hizi natumia Clonezilla kwa sababu ni ya bure na inawaka yenyewe kutoka kwenye flashi, Windows ikiwa imelala. Sura yake haivutii: maandishi matupu, na diski inaziita sda na sdb. Hapo ndipo pa kufungua macho. Kurudisha imeji kunafuta kila kilichomo kwenye diski unayorudishia. Kabla ya kufuta inakuuliza kama una uhakika, halafu inakuuliza tena. Mwaka mmoja nilijibu ndiyo mara zote mbili huku naongea na simu, nikafuta eksteno yangu mwenyewe. Tangu hapo nasoma ukubwa wa diski na jina la kampuni iliyoitengeneza kabla sijagusa chochote.

Turudi kwa mama. Wiki chache baadaye diski yake ilianza kulia tik, tik, asubuhi moja ikakata kauli. Alikuwa ameshanunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 480 kwa sababu ni bei poa. Sikuweza kuitumia. Clonezilla, usipoibembeleza, haikubali kurudisha imeji kwenye diski ndogo kuliko ya asili, hata kama data yenyewe ni kidogo, na 480 ni ndogo kuliko 500 za diski yake iliyokufa. Akarudi dukani kubadilisha, akachukua ya GB 512.

Kompyuta ilipowaka, akaona ukuta uleule wenye picha ya wajukuu, aikoni zilezile, na printa ikatoa karatasi bila kuuliza swali. Akacheka. Kisha akafungua folda ya kazi za wateja.

"Na za wiki tatu hizi ziko wapi, fundi?"

Hazikuwepo. Imeji inajua mpaka saa ilipotolewa, haijui kilichofuata. Zile kazi alizopokea kwa WhatsApp tulizipata, nyingine alizichapa upya.

Sasa kompyuta yake ina programu nyingine, inayotoa imeji huku Windows inafanya kazi. Ilitoa imeji kamili mara moja, na kila Jumamosi anapofunga duka inaongeza tu sekta zilizobadilika, dakika chache. Kazi za siku anaziburuta kwenye flashi, kama zamani. Eksteno haikai kwenye kompyuta: mwizi angeibeba pamoja, na kirusi kinachofunga mafaili kingeifunga nayo. Anaiweka kabatini nyumbani, ameibandika selotepu na kuandika kwa kalamu nyekundu: PICHA YA KOMPYUTA, MSIFUTE.