Je, wajua kwa nini bahari inajaa mara mbili kwa siku na mwezi wenyewe ni mmoja?

Muulize mtoto yeyote wa hapa Zanzibar, wa Jambiani au wa Wete, Newton ni nani, atakwambia ni yule mzungu aliyeangukiwa na tufaha kichwani, basi, hadithi imeisha hapo. Na hio habari ya kichwani wala si kweli. Newton mwenyewe alipokuwa mzee alimsimulia rafiki yake William Stukeley kwamba aliliona tufaha likianguka akaanza kufikiri, la kupigwa kichwani wamelitia watu baadae ili hadithi inoge.

Mimi naona sisi watu wa visiwani tunawaanzishia watoto pabaya. Tufaha wanalijua la dukani lenye kibandiko, mti wake hawaujui, wakati nje ya mlango wao kuna bahari inayoondoka mpaka kule mwambani halafu inarudi, kila siku ya Mungu, na Newton aliieleza hio bahari kwenye kitabu chake cha 1687, Principia. Mtoto aanzie hapo.

Sasa swali lenyewe. Kila mtu pwani anajua maji yanafuata mwezi, hili halikumsubiri Newton, Abu Maashar, mnajimu aliyekuwa Baghdad karne ya 9, alishaliandika kwa kirefu na wazee wetu wa majahazi walikuwa wanalitumia bila kuandika. Lakini mtoto mwenye akili atakubana: ikiwa mwezi ndo unavuta maji, na dunia inazunguka mara moja kwa siku, si maji yangejaa mara moja tu, pale mwezi unapotupitia juu? Mbona yanajaa asubuhi na yanajaa tena jioni, wakati mwezi uko upande wa pili wa dunia huko?

Usimcheke, mana swali hili liliwakwamisha watu wazito. Galileo, mwanasayansi wa Italia, na ukubwa wake wote, aliandika 1632 kwamba habari ya mwezi kuvuta maji ni upuuzi, yeye akashikilia kwamba maji yanayumba kwa sababu dunia inatembea. Hesabu yake ikatoa maji kujaa mara moja kwa siku. Angekuja kwetu pwani ya Paje siku moja tu angeona.

Newton alizaliwa Woolsthorpe, kijiji cha Uingereza, siku ya Krismasi 1642 kwa kalenda waliyokuwa wakitumia wao, baba yake keshafariki miezi kama mitatu kabla. Alipofika miaka mitatu mama akaolewa kwengine akamwacha kwa bibi yake. Watoto hapa wanaolelewa na bibi wamejaa tele kwa hio usiruke kipande hichi, wanakisikiliza sana. Alikuwa mtoto wa kuchezea vitu: alitengeneza saa za kivuli, alitengeneza kinu kidogo cha upepo, na alifunga taa ya karatasi kwenye mkia wa kishada akakirusha usiku, wanakijiji wakashikwa na hofu wakidhani ni nyota yenye mkia. Mama alimtoa skuli awe mkulima, hakufaa kitu, mifugo inaingia mashamba ya watu yeye yuko na kitabu. Wakamrudisha skuli, akaenda Cambridge 1661, akawa anawatumikia wanafunzi wenye pesa ili apate kusoma. 1665 likaja gonjwa la tauni, chuo kikafungwa, akarudi nyumbani, na hapo ndo akili ikafunguka.

Alichojiuliza ni hiki, na mie nakigeuza kwa nazi mana ndo tunayo. Nazi ikikatika mnazini, katika sekunde ya kwanza inashuka kama mita 5. Mnazi mrefu zaidi, bado inavutwa. Mlima, bado. Je, huo mvuto unaishia wapi? Mbona usifike mpaka mwezini? Mwezi uko mbali nasi kiasi cha mara 60 ya masafa yaliyopo baina yetu na kitovu cha dunia, na Newton akaona mvuto unapungua kwa mraba wa masafa, yani 60 mara 60, unakuwa sehemu moja ya 3,600. Ukipiga hesabu, mwezi kwa dakika nzima unaanguka kiasi kile kile nazi inachoanguka kwa sekunde moja, mita 5. Unaanguka kweli, si maneno ya kupamba. Ila huku unaanguka unakimbia pembeni kama kilomita moja kwa sekunde, kwa hio kila ukishuka ardhi nayo inakuwa imeshajipinda, haufiki. Ndo kuzunguka kwenyewe huko. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya hesabu hii kwa kalamu na karatasi, na mimi sioni kwa nini tunamsubirisha mpaka form three.

Turudi kwa maji. Siri ni kwamba mwezi hauvuti maji peke yake, unavuta kila kitu, maji na ardhi, ila unavuta kwa nguvu zaidi kilicho karibu na kwa nguvu ndogo kilicho mbali. Watoe watoto watatu mchangani maji yakiwa yamekupwa, wapange mstari mmoja wanaangalia upande mmoja, huko mbele ndo kuna mwezi. Wa mbele mwambie apige hatua kubwa, wa kati hatua za kawaida, wa nyuma hatua ndogo ndogo, halafu waambie twende. Baada ya hatua kumi wasimamishe umuulize wa kati: wenzako wako wapi? Atakwambia mmoja kanikimbia mbele na mwengine kabaki nyuma, wote wamekuwa mbali nami. Wa kati ndo dunia yenyewe. Wa mbele ni maji ya upande wa mwezi, yamevutwa zaidi kuliko dunia. Wa nyuma ni maji ya upande wa pili, hakuna aliyeyasukuma, ni dunia imeyaacha nyuma. Kwa hio maji yanavimba pande mbili, na sisi tukiwa tunazunguka na dunia yetu tunapita kwenye uvimbe mmoja, halafu wa pili. Mara mbili.

Na ile ya kila siku maji kuchelewa kama dakika 50, nayo inaeleweka: dunia inapomaliza mzunguko mwezi umeshasogea kidogo kwenye njia yake, inabidi tumfuate.

Hapa sasa ndo mtoto wa kwetu anapomzidi mwenzake wa bara, mana chuo cha Kurani keshafundishwa tarehe za mwezi wa Kiislamu. Jua nalo linavuta maji, nguvu yake kwenye jambo hili haifiki nusu ya ile ya mwezi kwa sababu liko mbali mno. Mwezi unapoandama, jua na mwezi wako upande mmoja, na ukiwa mpevu, tarehe 14, 15, wako pande zinazotazamana, na kwa kuwa uvimbe uko pande zote mbili, hali zote hizo wanasaidiana. Hio ndo bamvua. Tarehe 7, 8 na 21, 22 wanapingana, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, tunapata maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Kwetu bamvua kubwa inaweza kupanda na kushuka mita 3 mpaka 4, mtu mzima anazama mara mbili. Wakulima wa mwani kule Paje na Jambiani mahesabu yao yote yamo humo: bamvua maji yanatoka mbali saa nne saa tano za asubuhi, wanashuka na kamba zao na mambo, yani vijiti vya kuchomeka mchangani, wanafunga mbegu kwa tai-tai, vikamba vidogo, moja moja wameinama mpaka bahari iwaambie basi. Maji mafu shamba halifikiki vizuri, kazi inasimama.

Kitabu chenyewe cha Newton, ile Principia, nusura kisitoke, na watoto wa wavuvi hili linawachekesha. Edmond Halley, mtaalamu wa nyota, alimfuata Newton 1684 akamsukuma sana aandike, ila chama cha wanasayansi cha London kilikuwa kimeshamaliza pesa kuchapisha kitabu kikubwa cha habari za samaki ambacho hakikununulika. Ikabidi Halley atoe pesa mfukoni mwake. Na chama kilipokosa cha kumlipa Halley ujira wake, kikampa nakala za kitabu cha samaki.

Msiwafiche pia kwamba Newton alikuwa mgomvi, mwenye kinyongo, na mwaka 1720 alipoteza pesa nyingi kwenye hisa za kampuni moja pamoja na hesabu zake zote.

Swali la mwisho jiandae nalo. Mtoto atakwambia: mwezi unapoandama unakuwa pamoja na jua, kwa hio uko juu yetu saa sita mchana, mbona maji hayajai saa sita, yanajaa saa kumi jioni? Yuko sawa kabisa, na hesabu ya Newton peke yake haitoshi hapo. Yeye alihesabu kama vile dunia yote imefunikwa na maji, kumbe kuna mabara yanazuia, kuna kina kirefu na kifupi, maji yanachukua muda kufika. Mfaransa Laplace ndie aliyeliingia hilo kwa hesabu nzito miaka ya 1770. Ni huo huo uchelewaji unaofanya bamvua kubwa isiangukie siku yenyewe ya mwezi bali siku moja mbili baadae, mkulima wa mwani hahangaiki na tarehe 1, anajua maji yatatoka zaidi tarehe 2 na 3.