Je, wajua kwa nini mtindo wa uchoraji wa Impreshonizimu ulisubiri tyubu ya rangi?

Wataalamu walipochunguza kwa hadubini mchoro wa ufukwe wa Trouville, Ufaransa, ambao mchoraji Mfaransa Claude Monet aliuchora mwaka 1870 na sasa umo National Gallery, London, walikuta chembe za mchanga ndani ya rangi. Zilipeperushwa na upepo zikanasa rangi ikiwa mbichi. Monet alichorea palepale pwani.

Kizazi kilichomtangulia kingepata tabu kufanya hivyo. Rangi ya mafuta ilisagwa kwa mafuta ya kitani, kisha ikafungwa ndani ya kibofu cha nguruwe. Mchoraji alikitoboa kwa msumari mdogo, akakamua, akaziba tundu. Halikuzibika sawasawa: hewa ilipenya, rangi ikaganda, na safarini kibofu kiliweza kupasuka. Ndiyo maana wengi walichora nje vipande vidogo vya majaribio tu, na kazi kubwa wakaimalizia ndani.

Mwaka 1841 John Goffe Rand, mchoraji Mmarekani aliyeishi London, alipata hataza ya tyubu ya bati inayokamuliwa na kufungwa tena. Nayo brashi bapa iliyobanwa kwa pete ya chuma ilimpa mchoraji mguso mpana na mfupi, na viwandani zikatoka rangi kali kama njano ya kadimiamu.

Kuchorea nje kulibadilisha hata mkono. Mwanga haukai, basi rangi hupakwa juu ya rangi mbichi, upesi. Ukiikorogakoroga inageuka tope. Dawa yake ni kuweka mguso mmoja, kuuacha, na kuweka mwingine kando yake. Ndivyo Monet na mchoraji mwenzake Renoir walivyochora maji ya mto Seine pale La Grenouillère, mahali pa kuogelea karibu na Paris, mwaka 1869, na kwangu hapo ndipo mtindo wenyewe ulipozaliwa.

Hata hivyo tyubu peke yake isingetosha. Kufikia mwaka 1874 ilikuwapo kwa zaidi ya miaka 30. Kilichobaki kilikuwa mlango wa kuonyeshea kazi. Majaji wa Salon, maonyesho rasmi ya Paris, waliwakataa Monet na wenzake mara kwa mara, hivyo tarehe 15 Aprili 1874 wakafungua maonyesho yao katika studio ya zamani ya mpigapicha Nadar. Siku kumi baadaye Louis Leroy aliwakejeli gazetini kwa kuchezea jina la mchoro wa Monet, “Impression, soleil levant” (yaani “Taswira, jua likichomoza”). Kufikia maonyesho ya tatu, mwaka 1877, wenyewe walikuwa wakijiita Waimpreshonisti.