Je, wajua kwa nini laki 5 za mapema zakata miaka 6 ya mkopo wa nyumba, na zile zile ukizilipa mwisho zakata mwaka na kitu tu?

Juzi baada ya magharibi tumekaa barazani Kibokoni, hapa Mombasa, na kahawa yetu, shemeji yangu akaja na karatasi ya benki mkononi, uso umemkunjamana. Jamaa yuko bandarini, alichukua mogeji ya milioni 5 akanunua nyumba kule Bamburi, amelipa miaka mitano hajakosa hata mwezi mmoja, na stetimenti yamwambia bado adaiwa milioni 4 na laki 6 na ushee. "Yakhe hawa wameniibia," ndo salamu yenyewe hiyo. Nikamwambia keti, leta kalamu, hakuna aliyekuibia, ila hesabu yake ukiielewa itakuuma kuliko wizi.

Riba ya mkopo wa nyumba haipigwi mara moja siku ya kusaini, hupigwa kila mwezi kwa kile unachodaiwa mwezi ule. Milioni 5, riba asilimia 14 kwa mwaka, miaka 20, instolmenti yatoka kama shilingi 62,176 kwa mwezi. Sasa mwezi wa kwanza wadaiwa milioni 5 nzima, riba yake ya mwezi ni 58,333. Toa kwenye ile 62,176, iliyobaki kupunguza deni lenyewe ni 3,843. Elfu tatu! Mwezi wa pili deni limeshuka hizo elfu tatu na kitu, kwa hivyo riba nayo yashuka shilingi 45 hivi, basi mwezi huo deni lapunguzwa na shilingi 45 zaidi, na ndo mwendo huo huo kama kobe. Miaka mitano ametoa zaidi ya milioni 3.7, na deni limeshuka kama 331,000 peke yake.

Shemeji akanyamaza, akamimina kahawa nyingine.

Mie hupenda kuifananisha na dau linalovuja. Dau likiwa zito hukaa chini majini na maji yazidi kuingia, wewe wafua maji mpaka mkono wauma lakini nguvu yako yote yaishia kwa yale yanayoingia. Ukipunguza mzigo mapema dau lapanda, maji yaingia kidogo, na kufua kule kule kwa kila siku sasa kwaonekana. Kwa hesabu yetu hii, mpaka mwaka wa 15 ndo nusu ya instolmenti yaenda kwa deni na nusu kwa riba, kabla ya hapo riba ndo yachukua sehemu kubwa. Na huo mwaka wa 15 ukiisha bado wadaiwa milioni 2.67, yani zaidi ya nusu ya ulichokopa, na umebakisha miaka mitano tu.

Sasa ndo lile swali la juu. Tuseme mwaka wa kwanza umeisha, ukapata laki 5, labda kiwanja cha urithi kimeuzwa, ukazitia zote kwenye deni na instolmenti ikabaki ile ile. Mkopo utaisha kama miaka 6 mapema. Laki 5 hizo hizo ukizitia mwisho wa mwaka wa 15 wapunguza miezi 15 hivi. Pesa ni ile ile, tofauti ni kwamba ya mwanzo imezuia riba ya miaka kumi na tisa iliyokuwa yaja, ya mwisho imebakiwa na miaka mitano ya kuzuia na hamna kikubwa.

Na si lazima uwe na laki. Elfu 10 juu ya instolmenti kila mwezi tangu mwanzo, miaka 20 yawa chini kidogo ya 12, na unabakiwa na zaidi ya milioni 4.6 ambazo ungeipa benki.

Hapo mzee mmoja wa barazani akadakia, eti kuna sheria riba isizidi mkopo, sasa vipi mtu akope 5 alipe karibu 15? Swali zuri na watu wengi hukosea hapa. Sheria ipo kweli, ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, chafanya kazi tangu 2007, lakini chahusu mkopo ulioharibika, yani umeshindwa kulipa na riba yazidi kujirundika, hapo ndo riba haiwezi kupita kiasi cha deni ulichokuwa wadaiwa mkopo ulipoharibika. Wewe unayelipa vizuri kila mwezi haikuhusu. (Mwenye kulipa vizuri ndo analipa zaidi, haya bwana.)

Mwengine akauliza na wale wa benki za kiislamu je. Hapa Mombasa tangu hizo benki zifunguliwe 2008 watu wengi wameenda huko kukimbia riba, ila kulipa mapema kule kuna hesabu yake tofauti. Ikiwa ni murabaha, benki imenunua nyumba ikakuuzia kwa bei iliyofungwa siku ya kwanza, kwa hivyo ukilipa haraka bei haishuki yenyewe, benki yaweza kukusamehe kiasi lakini ni hisani yao, uliza kabla hujatia sahihi. Ikiwa ni ile musharaka ya kupungua, nyinyi wawili mwamiliki nyumba pamoja, wewe wanunua hisa za benki kidogo kidogo na kulipa kodi kwa hisa zilizobaki, basi ukinunua hisa nyingi mapema kodi yashuka.

Wengine barazani pale walikuwa wasikiliza kama hadithi tu maana mogeji hawana na hawatapata. Kenya nzima hizi akaunti ni kama elfu 30 tu, na huku kwetu kuna lile la nyumba bila ardhi, umejenga Majengo au Kisauni nyumba yako lakini kiwanja cha mtu walipia kodi ya ardhi, sasa benki itashika hati ya nani?

Haya, je ni lazima ukimbilie kulipa? Sisemi hivyo. Kama una mkopo wa simu au wa Sacco wenye riba juu ya ile ya nyumba, anza na huo, na kama huna akiba ya hata miezi mitatu usithubutu, sababu pesa ikishaingia kwenye nyumba haitoki, mtoto akilazwa huwezi kubandua bati ukalipe hospitali. Kuna na kodi: tangu mwisho wa Disemba 2024 riba ya mkopo wa nyumba ya kuishi mwenyewe mpaka shilingi 360,000 kwa mwaka yatolewa kwenye mapato kabla hujakatwa PAYE, ile kodi ya mshahara, zamani ilikuwa 300,000. Aliye kwenye kiwango cha asilimia 30 yamwokolea mpaka 108,000 kwa mwaka. Wengine husema basi ukilipa mapema wapoteza hii. Piga hesabu kwanza, mwaka wa kwanza riba ya shemeji ilikuwa karibu laki 7, karibu nusu yake haina nafuu yoyote, na kwa asilimia 14 deni lazima lishuke chini ya milioni 2.57 ndo hiyo nafuu ianze kupungua. Yeye yuko mbali sana na hapo.

Kilichomchoma kabisa ni hiki. Kumbe mwaka mzima uliopita alikuwa akiongeza elfu 10 kila mwezi, akijua apunguza deni, na benki ikawa yaziweka tu kwenye akaunti zisubiri instolmenti zinazokuja. Deni halikuguswa hata senti. Hakuna aliyemdanganya, na yeye hakuuliza. Pesa ya ziada lazima uandike barua useme iende kwenye deni lenyewe, na useme pia unataka muda upungue, sababu wasipoambiwa wengine hukushushia instolmenti miaka ikabaki ile ile, na hapo faida kubwa imekwenda. Na offer letter, ile barua ya benki yenye masharti ya mkopo, uisome kwanza, baadhi ya benki hukata ada ya kulipa kabla ya wakati.

Tukampigia hesabu ya kuanzia sasa. Akiongeza hizo elfu 10, miaka 15 iliyobaki yawa kumi na mwezi mmoja, na milioni 2.4 zabaki nyumbani. Dada yangu alikuwa ndani akisikia yote, akatoka na daftari la mtoto akachana karatasi mbili, akamwambia andika hapa hapa, nakala moja waipige muhuri urudi nayo.