Macho yanayosahau kupepesa

Nashinda kwenye simu, na jioni macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Mwanga wa simu unayachoma?

Hauyachomi. Yanakauka. Kwa kawaida mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika; akikodolea kioo cha simu, hushuka hadi mara 5 au 7. Kila kope zikifumba hutandaza machozi upya juu ya jicho. Zisipofumba, uso wa jicho hukauka, ukaanza kuwasha na kuona ukungu unaokuja na kuondoka. Wengine hushangaa kwamba macho makavu yanatiririka machozi, lakini ndivyo jicho linavyojitetea. Feni nayo huchangia. Kwa joto la kaskazi sikwambii uizime, ila igeuze isikupulize usoni.

Kazi yangu ni ya kompyuta kutwa. Nitaikwepaje?

Huikwepi, unaipumzikia. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20: mwembe wa jirani, paa la nyumba ya pili. Ili uone karibu, msuli ulio ndani ya jicho hujikaza. Ukitazama mbali hulegea. Weka kompyuta umbali wa mkono ulionyooka, chini kidogo ya usawa wa macho. Saa za kupunguza ni zile za baada ya kazi, na mimi sijaona dawa bora kuliko kuchajia simu sebuleni badala ya kitandani.

Muuza miwani anasema ninunue ya kuzuia mwanga wa bluu.

Pesa yako ikae mfukoni. Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walipitia majaribio 17, wakaona miwani hiyo huenda haipunguzi uchovu wa macho. Lakini kama umevuka miaka 40 na unasogeza simu mbali ndipo usome ujumbe, kapimwe. Unachohitaji pengine ni miwani ya kusomea.

Mwanangu wa miaka 3 hali bila katuni.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na aliye chini ya miaka 2 asitazame kabisa. Kwa hiyo zima. Atagoma, kisha njaa itamrudisha kwenye sahani. Muhimu zaidi ni nje. Huko Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa kama 30 kwa kila 100; kwa wenzao ambao hawakuongezewa, karibu 40. Muache akachafuke.

Naweza kununua matone dukani?

Machozi ya bandia, ndiyo. Ogopa matone yenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Huondoa wekundu upesi, ndiyo maana watu huazimana, lakini yakitumiwa muda mrefu bila kupimwa yanaweza kuleta mtoto wa jicho au presha ya macho, ambayo mara nyingi hula uoni polepole bila maumivu. Na jicho likiuma sana, likipoteza uoni ghafla au likiona vimulimuli, usitafute matone: nenda hospitali siku hiyo hiyo.