Utengamao wa moyo ni nini?

Mtu akitoka hospitali baada ya shambulio la moyo, hapa Bukavu jamaa humtandikia kitanda. "Baba, usiinuke, tutakuletea." Ni upendo, ila moyo wake haupati nguvu hivyo. Hata madaktari zamani walimlaza mgonjwa wiki kadhaa. Misuli ikalegea, damu ikagandia miguuni. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, madaktari wa Marekani, walieleza jinsi walivyowakalisha wagonjwa kitini mapema, nao wakaendelea vizuri.

Utengamao wa moyo ni mazoezi na mafunzo yanayosimamiwa na wahudumu wa afya, kwa mtu aliyepata shambulio, aliyepasuliwa moyo au ambaye moyo wake umedhoofika. Mara nyingi huchukua wiki 12 hivi. Kila akifika hupimwa tansio, yaani shinikizo la damu, na mapigo, kisha anatembea au kukanyaga baiskeli ya mazoezi, kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akiwa kando yake. Leo dakika chache, wiki ijayo zaidi. Misuli ikizoea kazi hutumia vizuri hewa ya oksijeni iliyomo katika damu, na moyo haulazimiki kusukuma sana.

Kipimo rahisi cha mwendo ni maneno. Unapanda mlima wa Kadutu, unapishana na mama mwenye beseni la samaki wadogo wa sambaza kichwani. Ukiweza kumsalimu na kumuuliza watoto wameamkaje bila sauti kukatika, mwendo huo ni wako. Maneno yakikatika, punguza. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, simama, keti, omba msaada. Lakini mlima si wa kuanzia: anza penye tambarare, daktari akikuruhusu.

Mafunzo nayo ni nusu ya tiba, na mimi naona mpishi wa nyumbani aende pamoja na mgonjwa. Chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kidogo cha chai, na ile iliyomo ndani ya Maggi ya sombe inahesabiwa. Dawa haziachwi kwa sababu mtu amejisikia vizuri.

Halafu kuna hofu, ambayo wengi huificha. Mwanamume anaogopa hata kulala na mkewe, na anaona haya kuuliza. Kwenye utengamao anajibiwa waziwazi: anayepanda ngazi za ghorofa 2 bila kifua kuuma wala pumzi kumwishia, kwa kawaida tendo hilo moyo wake utalimudu.